Gari limekataa ufunguo: utengeneze, unakili chipu, ununue seti au uondoe imobilaiza?

Stata inapiga kwa nguvu, taa zote za dashibodi zimewaka, lakini injini haishiki. Pembeni kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari na kufuli au ufunguo, inawaka na kuzimika bila kukoma. Kuanzia hapo mwenye gari hupokea ushauri wa kila aina ndani ya saa moja: chonga ufunguo mpya, nunua kontroli boksi (kompyuta ya injini) nyingine, toa imobilaiza kabisa upumzike. Imobilaiza ni mfumo unaoizuia injini isiwake kwa ufunguo ambao gari haliutambui. Kila ushauri una mahali pake. Lakini gharama zake zinapishana mno, na baadhi ya njia hizo ukishazifuata hakuna kurudi nyuma.

Ulinganisho huu tumeujenga juu ya Toyota, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Kampala na Bujumbura. Nissan na Volkswagen zitaguswa pale zinapotofautiana. Uchaguzi wako utaamuliwa na mambo mawili: ni kiungo gani cha mfumo kimekufa, na je, bado una ufunguo hata mmoja unaowasha gari.

Kwanza hakikisha gari lina imobilaiza, na kwamba ndiyo inayogoma

Si kila gari linayo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwemo wakati huo, magari mapya ya abiria yalilazimika kuwa na imobilaiza ya kiwandani kuanzia Oktoba 1998. Japani haikuwa na sheria ya namna hiyo, ndiyo maana Probox au Vitz ya zamani iliyotoka Japani inaweza kuwa na ufunguo wa chuma mtupu, huku Toyota ya umri uleule iliyotoka Uingereza ikiwa na chipu. Kuangalia ni rahisi. Zima gari, toa ufunguo, tazama dashibodi: taa ya usalama ikianza kuwaka na kuzimika, mfumo upo. Kama hakuna taa, na ukivua kava la usukani huoni pete ya plastiki yenye waya kuzunguka tundu la ufunguo, huna imobilaiza ya kiwandani. Usilipie matengenezo yake.

Halafu kuna alamu na traka (vifaa vya kufuatilia gari) zilizofungwa baadaye. Hizi hukata waya wa pampu ya mafuta, wa stata au wa swichi kwa kutumia rilei (swichi ya umeme) iliyofichwa chini ya dashibodi. Rilei ikiungua, au maungio ya waya yaliyofungwa kwa tepu yakilegea kwa joto, gari linakataa kuwaka na lawama inaenda kwa ufunguo. Tofauti iko kwenye taa ya kiwandani: ukiingiza ufunguo na kufungua swichi, ikizimika maana yake gari limekutambua, na tatizo litafutwe kwenye traka, pampu, fyuzi au kwingineko. Ikiendelea kuwaka na kuzimika, au ikibaki imewaka, hapo ndipo tuzungumze habari za chipu.

Betri nayo ipimwe kabla ya yote. Gari likiwa limetulia itoe volti 12.4 hadi 12.6, na wakati stata inapiga isishuke chini ya 9.6 hivi. Umeme ukianguka zaidi ya hapo boksi za kielektroniki hupoteza mawasiliano katikati ya kazi, na utasoma makosa ya imobilaiza ambayo hayapo.

Kwa magari ya kubonyeza kitufe, kama Prius, Aqua na Crown, sababu inayojirudia kuliko zote ni betri ya rimoti. Betri mpya ya CR2032 au CR1632 hupima volti 3 na zaidi kidogo. Ikiwa imechoka, gari halikuoni. Kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe chenyewe hadi usikie mlio, kisha bonyeza. Likiwaka, dawa yako ni betri ya saa na wala si fundi. Angalia pia usukani: kama umejifunga kwa kubanwa na tairi, utikise kushoto na kulia huku unabonyeza kitufe.

Vyenye kumbukumbu na visivyo na kumbukumbu

Huu ndio mstari unaotenganisha matengenezo ya bei ndogo na ya bei kubwa, na mafundi wengi hawamwelezi mteja.

Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu. Kwenye Toyota nyingi ni kijiwe cheusi chenye umbo la kabari, urefu wake kama sentimita 1. Chipu hii haina betri. Betri unayoibadilisha kwenye ufunguo wa rimoti ni ya kufungulia milango tu. Ukiingiza ufunguo, koili (ile pete yenye waya) iliyozunguka tundu inatoa mawimbi ya kilohezi 125 hadi 134 hivi. Mawimbi hayo yanaipa chipu nguvu, nayo inajibu kwa namba yake. Amplifaya iliyoungana na koili inapeleka jibu kwenye boksi ya imobilaiza. Boksi ikiitambua namba, inaiambia kontroli boksi ya injini iruhusu nozeli na cheche. Katika baadhi ya Toyota za zamani boksi ya imobilaiza haiko peke yake. Kazi hiyo hufanywa ndani ya kontroli boksi yenyewe.

Visivyo na kumbukumbu ni koili na amplifaya yake, swichi ndogo inayohisi ufunguo, nyaya, fyuzi na silinda ya chuma. Hivi unaweza kuvibadilisha hata kwa mtumba wa gari la aina hiyohiyo na gari likawaka papo hapo. Vyenye kumbukumbu ni chipu, boksi ya imobilaiza na kontroli boksi. Hivi vimefungana kwa namba za siri. Ukileta kimoja kutoka gari jingine, wenzake watakikataa mpaka vioanishwe.

Kwa namba za vipuri vya Toyota, amplifaya huanza na 89783, boksi ya imobilaiza 89780 na kontroli boksi ya injini 89661. Ukiona fundi anaagiza 89661 kabla hajapima 89783, mwulize sababu.

Dalili zinasema nini

Ukiingiza ufunguo na taa ikaendelea kuwaka na kuzimika kana kwamba hujaingiza chochote, shuku swichi ndogo ya kuhisi ufunguo iliyo ndani ya silinda. Hiyo ndiyo inayoliamsha boksi. Kipimo chake hakihitaji mashine: acha mlango wa dereva wazi, ingiza ufunguo bila kuuzungusha. Toyota nyingi zitapiga mlio wa kukukumbusha kwamba ufunguo umebaki ndani. Kukiwa kimya, swichi hiyo imekufa au waya wake umekatika. Watu wamenunulishwa kontroli boksi kwa ajili ya swichi isiyozidi ukubwa wa ukucha.

Gari likiwaka leo na kukataa kesho, hasa ukiupinda au kuusukuma ufunguo kidogo ndipo likubali, angalia koili, soketi ya amplifaya na chipu iliyopasuka. Ondoa kwanza funguo nyingine kwenye mkungu. Chipu ya gari jingine ikikaa karibu na koili, majibu mawili yanagongana na boksi haielewi hata moja. Pete nene ya chuma iliyolala juu ya kichwa cha ufunguo nayo huharibu mawimbi.

Gari likikataa kuwaka siku ileile uliyobadilisha kava la ufunguo, usitafute mbali. Wabadilishaji wa kava huhamisha saketi ya rimoti na kusahau kijiwe cheusi, ambacho kimelala kwenye kitundu chake ndani ya kava la zamani. Milango inafunguka, rimoti inafanya kazi, injini haiwaki. Rudi uliombe kava lako kabla halijatupwa. Kwa sababu hii, kila unapobadilisha kava ondoka na la zamani.

Injini ikishika kwa sekunde 1 hadi 3 kisha ikazima, na ukirudia inafanya vilevile, mara nyingi boksi ya imobilaiza na kontroli boksi hazielewani. Hutokea baada ya kubadilisha mojawapo. Kwenye Volkswagen za Golf na Passat za miaka ya mwanzo ya 2000 dalili hiyohiyo huja ukibadilisha dashibodi ya mita, kwa kuwa kumbukumbu ya imobilaiza imekaa humo.

Ukitaka kusoma makosa kwa mashine, jua kwamba kifaa kidogo cha bei nafuu cha kuunganisha na simu husoma makosa ya injini yanayoanza na P tu, na hapo kitakuambia gari halina kosa. Makosa ya imobilaiza ya Toyota huanza na B, na yanahitaji skana inayoingia kwenye boksi husika. B2793 ni chipu mbovu. B2795 ni chipu nzima lakini haijasajiliwa kwenye gari hilo. B2796 ni hakuna mawasiliano na chipu: ama ufunguo hauna chipu, ama koili imekufa. B2784 ni koili iliyokatika au kupiga shoti. B2797 na B2798 ni mawasiliano yanayokatikakatika. B2799 ni kutoelewana kati ya imobilaiza na injini.

Tofauti ya B2795 na B2796 peke yake inaweza kukuokolea fedha nyingi. Ya kwanza inakupeleka kwa fundi wa funguo. Ya pili inakupeleka kwenye koili ambayo haihitaji kuprogramiwa.

Kutengeneza kiungo kilichokufa

Hii ndiyo njia ya kwanza kwa yeyote ambaye gari lake liligoma lenyewe bila kuguswa. Vua kava la juu na la chini la usukani. Kwa kawaida ni skrubu 3 na vibanio. Kwenye soketi ya amplifaya, waya wa umeme, unaoitwa VC5 kwenye mchoro wa nyaya, uwe chini ya volti 1 ufunguo ukiwa nje, na upande hadi volti 4.6 hadi 5.4 ufunguo ukiwa ndani. Usipopanda, amplifaya haipati umeme, na kosa liko upande wa boksi, wa nyaya au wa swichi ya kuhisi ufunguo. Ukipanda vizuri, na ardhi ya AGND ni nzima, lakini bado chipu haisomwi kwa ufunguo wowote, badilisha amplifaya.

Kwa kuwa amplifaya haina kumbukumbu, jaribio bora ni kuazima ya gari la aina hiyohiyo lenye soketi inayofanana. Chomeka tu bila hata kuifunga kwenye silinda. Shikilia kichwa cha ufunguo ndani ya pete yake huku ufunguo wa pili au chuma cha ufunguo kikizungusha swichi. Taa ikizimika, umepata jibu.

Kasoro ya njia hii ni moja: inahitaji fundi mwenye multimita (kifaa cha kupima umeme) na subira. Fundi anayebadilisha vipuri kwa kukisia atakula akiba yako kabla hajafika kwenye kipuri chenyewe.

Ufunguo mmoja unafanya kazi: kunakili au kusajili?

Ukiwa na ufunguo mmoja mzima, tengeneza wa pili wiki hii. Tofauti ya gharama kati ya kuongeza ufunguo na kuanza upya baada ya kupoteza wote ni kubwa kuliko tofauti nyingine yoyote katika ulinganisho huu.

Kunakili ni kuandika namba ya chipu yako kwenye chipu maalumu iliyo tupu. Gari haliguswi, linaona ufunguo uleule. Kusajili ni kuleta chipu mpya yenye namba yake na kulifundisha gari liitambue.

| | Kunakili | Kusajili |
|---|---|---|
| Gari lazima liwepo? | Hapana kwa chipu za zamani, inatosha kuleta ufunguo | Ndiyo, na betri iwe imejaa |
| Ufunguo wa kijivu unafaa? | Ndiyo, lakini utapata wa kijivu mwingine | Hapana, unahitaji wa kichwa cheusi |
| Ufunguo ukiibiwa | Huwezi kuufuta bila kuufuta na mwenzake | Unaweza kufutwa, na ufunguo ulio nao ukabaki |
| Hatari kwa gari | Hakuna | Ndogo, umeme ukikatika katikati ya kazi |
| Magari ya kitufe | Haitumiki | Ndiyo njia ya kawaida |

Kichwa cheusi na cha kijivu si mapambo. Toyota hutoa ufunguo mkuu mweusi, na wa kijivu kwa ajili ya kumwachia mwegeshaji. Wa kijivu unawasha gari lakini hauna mamlaka ya kuingiza ufunguo mwingine. Ukinunua gari la mtumba na ukakuta umepewa wa kijivu peke yake, uhesabu kama gari lisilo na ufunguo mkuu na upange bei kwa msingi huo.

Aina ya chipu nayo inaamua. Toyota za mwisho wa miaka ya 1990 zina chipu ya aina ya 4C, ambayo namba yake haibadiliki na hunakiliwa kwa urahisi. Kuanzia miaka ya 2003 hivi zikaja za familia ya 4D, nazo hunakiliwa kwa mashine za kawaida. Baada ya 2010 zikafuata za alama ya G, kisha za alama ya H zenye usimbaji wa biti 128. Funguo nyingi, hasa za soko la Marekani, zimegongwa herufi G au H kwenye chuma karibu na kichwa. Kwa H tunashauri kusajili. Kuinakili ni kazi ngumu, na chipu isiyo bora huanza kukataa baada ya muda.

Kwa gari la mzigo au teksi inayoendeshwa na madereva wanaobadilikabadilika, sajili, usinakili. Dereva akiondoka na ufunguo utaufuta jioni ileile. Kwa gari la nyumbani lenye 4C au 4D, nakala inatosha kabisa, na ni nafuu.

Nissan ina utaratibu tofauti kidogo: mashine inahitaji namba ya siri inayotokana na boksi ya umeme wa bodi. Mwombe fundi akuandikie namba hiyo akimaliza, uihifadhi pamoja na kadi ya gari.

Funguo zote zimepotea

Hapa hakuna cha kunakili. Kwa Toyota nyingi za baada ya 2008, mashine nzuri huweza kurudisha mfumo mwanzo kupitia soketi ya OBD (ya kuunganishia mashine ya uchunguzi). Kazi hiyo husubiri dakika 16, na baada ya hapo funguo mpya husajiliwa. Unganisha chaja ya betri muda wote huo. Kwa za zamani zaidi, boksi ya imobilaiza hufunguliwa na kumbukumbu yake kurudishwa mwanzo mezani, au hununuliwa mpya. Wakala wa Toyota kwa kawaida atachagua kubadilisha boksi kwa mpya. Fundi wa funguo aliyebobea atairekebisha iliyopo kwa gharama ndogo zaidi. Kazi ya fundi mzuri wa mezani ni nzuri sawa, ila akikosea kidogo kwenye kuchomelea, boksi imekufa, na unarudi kwa wakala ukiwa umelipa mara mbili. Mwombe akusomee na kuhifadhi nakala ya kumbukumbu kabla hajabadilisha kitu.

Fundi makini atakuomba kadi ya gari, au logbook kama uko Kenya, na kitambulisho. Asipoomba, tafuta mwingine: anayemfungulia mfumo yeyote anayekuja atalifungulia na gari lako.

Rimoti za kitufe za mtumba zina mtego wake. Rimoti iliyowahi kusajiliwa kwenye gari moja hujifunga, na haipokelewi na jingine mpaka ifunguliwe kwa kifaa maalumu. Pia linganisha namba iliyochapwa kwenye saketi yake ya ndani pamoja na masafa: za Japani huwa megahezi 312 au 314, za Ulaya 433. Kava kufanana hakumaanishi chochote.

Seti ya mtumba

Ikiwa kontroli boksi yenyewe imeungua, kwa maji au kwa kuungwa betri kinyume, seti kamili ni njia ya kuaminika. Seti maana yake kontroli boksi, boksi ya imobilaiza, ufunguo wenye chipu yake, na ikiwezekana silinda, vyote kutoka gari moja. Shauri Moyo kule Ilala, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road Nairobi zinapatikana, lakini wauzaji huwa wamezitenganisha. Boksi isiyo na ufunguo wake si seti.

Linganisha namba nzima ya 89661, kuanzia tarakimu za mwanzo hadi za mwisho. Injini ya 1NZ-FE imefungwa kwenye Vitz, Ist, Probox, Spacio na nyinginezo, za gia za kawaida na za otomatiki za aina mbalimbali, na boksi zake hazibadilishani ovyo. Ukiweka ya gia tofauti injini inaweza kuwaka, lakini gia zitakutesa.

Chuma cha ufunguo wa seti hakitaingia kwenye milango yako. Huna haja ya kubadilisha vitasa: hamisha kijiwe cha chipu kutoka ufunguo wa seti kwenda kichwa cha ufunguo wako wa zamani.

Ukibadilisha kontroli boksi peke yake kwenye Toyota yenye boksi ya imobilaiza iliyojitenga, upo utaratibu wa kuzioanisha bila mashine, na umo kwenye vitabu vya matengenezo vya Toyota vya modeli nyingi. Kwenye soketi ya OBD yenye matundu 16, unganisha tundu la 13, ambalo ni TC, na la 4, ambalo ni CG, kwa kipande cha waya. Fungua swichi hadi ON bila kupiga stata. Taa kadhaa za tahadhari zitaanza kuwaka na kuzimika, ni kawaida. Acha hivyo dakika 30. Zima swichi, toa waya, washa gari. Injini ikidumu zaidi ya sekunde 3 bila kuzima, zimeelewana.

Kinachoharibika hapa ni kuhesabu matundu vibaya. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote, na ukiliunganisha na la 4 unachoma fyuzi au zaidi. Hesabu mara mbili, kisha pima kwa multimita kwamba 4 ni ardhi kabla ya kuingiza waya. Zima redio, feni na taa, maana betri itatumika nusu saa nzima bila kuchajiwa.

Kuondoa imobilaiza

Inafanywa kwa kuandika upya programu ya kontroli boksi isiulize tena ruhusa, au kwa kufunga kifaa kidogo kinachojibu badala ya boksi. Faida yake ni kweli: gari halitagoma tena kwa sababu ya chipu. Kwa gari kuukuu ambalo boksi zake hazipatikani tena, inaweza kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki.

Lakini pima unachopoteza. Gari linawaka kwa chuma kilichochongwa mtaani. Kampuni ya bima inaweza kuwa na neno siku ya wizi, kwa hiyo waulize kabla, kwa maandishi. Kifaa cha kujibu nacho huungua kama kifaa kingine, na fundi atakayekuja miaka mitatu baadaye hatajua kipo, atahangaika siku nzima. Ukilazimika, omba programu ya awali ihifadhiwe, andika kilichofanyika ukiweke kwenye faili la gari, na ufunge kikata umeme cha pampu ya mafuta mahali panapojulikana na wewe tu.

Ipo njia ya mkato tunayoikataa kabisa: kuchukua chipu nzima na kuigandisha kwa tepu karibu na koili, ndani ya kava la usukani. Inafanyika sana kwa sababu inachukua dakika 10. Imobilaiza inakuwa imeambiwa ufunguo upo saa 24, na mwizi akivunja silinda anaondoka na gari. Mbaya zaidi, mwenye gari mara nyingi haambiwi.

Ndiyo maana kabla hujalipa, kwa kazi yoyote kati ya hizi, fanya jaribio hili mbele ya fundi. Chonga ufunguo wa chuma mtupu usio na chipu, au funga kichwa cha ufunguo wako kwa matabaka manne au matano ya karatasi ya alumini ya jikoni, mpaka kisionekane popote. Jaribu kuwasha. Gari linapaswa kukataa, na taa ya usalama iendelee kuwaka na kuzimika. Likiwaka, mwambie fundi afungue kava la usukani mkiwa wote wawili.